Hita bapa ya kulelea vifaranga: kwa sisi wa sehemu za baridi inafaa au tunapigwa?

Wafugaji wenzangu habari za kazi. Leo naiongelea ile hita bapa yenye miguu minne, ile unachomeka kwenye umeme vifaranga wanaingia chini yake wanajibanza kama wako kwa mama yao. Nipo Njombe, huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua na baridi shamba zima, kwa hiyo wewe wa Dar ukisoma punguza baadhi ya maneno yangu, mengine ongeza, nitasema wapi.

Tuanze na kwa nini tunahangaika na haya madude. Kuku mkubwa mwili wake unakaa kwenye nyuzi 41 hivi, nje kuwe na baridi ya kufa mtu au jua la saa saba, maana ana manyoya anayatutumua yanashika hewa, ana minofu ya kutetemesha na ana umbo kubwa. Kifaranga wa siku moja ana vile vinyoya laini tu ambavyo vikilowa kidogo havina kazi, halafu mwili wenyewe mdogo, ngozi nyingi uzito kiduchu, joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Mpaka wiki ya pili kwenda ya tatu ndo anaanza kujimudu, na akishavaa manyoya kamili unazima kila kitu. Kabla ya hapo joto lake unalinunua wewe, iwe kwa mkaa, kwa taa au kwa hita. Na mi kifaa chochote cha kulelea nakipima kwa kitu kimoja: kinamwachia kifaranga achague joto lake mwenyewe au kinamlazimisha akae na joto ulilolipenda wewe? Maana kutengeneza joto hawezi ila kulitafuta anaweza sana, tena kuliko sisi na themomita zetu.

Kwa kipimo hicho hii hita imefaulu, tena vizuri. Taa za wati 250 tulizozizoea zinachoma kutoka juu, eneo la chini yake linapata moto mkali, mchana chumba kikipata joto unawakuta wote wamekimbilia ukutani, midomo wazi, mbawa wameziachanisha na mwili, na hapo wanapoteza maji. Kuku hana jasho jamani, hana kabisa tezi za jasho, njia yake ya kupoa ni kuhema ili maji yavukize kwenye koo na kwenye mapafu, na kutoa joto kwenye sehemu zisizo na manyoya kama miguu na upanga wa kichwani. Kifaranga anayehema masaa mawili matatu chini ya taa anaishiwa maji mwilini na chakula hali. Ukija usiku taa ile ile haitoshi, wanarundikana katikati, na wakirundikana asubuhi wa chini umewapoteza. Kurundikana sio ujinga, wakibanana ngozi inayopigwa na baridi inapungua, tatizo wakiwa wengi wa chini wanakosa hewa.

Sasa kwenye hita bapa unaona kitu tofauti. Kaa pembeni na kikombe chako cha chai uangalie. Kifaranga anaingia, mgongo unagusa sahani, yaani ule ubapa wa hita unaotoa joto, anatulia kidogo, anatoka anakula, anakunywa, anakimbia kimbia na wenzake halafu anarudi mwenyewe bila kufukuzwa na mtu. Wengine wanakaa mlangoni, mwili ndani kichwa nje, hao ndo wamepata joto linalowatosha wao. Wote hawachagui sehemu moja.

Kipimo changu cha siku za kwanza, na hiki kinatumika hata kama huna hita: mshike kifaranga, miguu yake iguse shavu lako au shingoni. Miguu ikiwa ya baridi, kifaranga ana baridi, usibishane naye hata kama themomita ya ukutani inakwambia mambo safi. Themomita inapima hewa, kifaranga amekanyaga sakafu. Joto lake la ndani linatakiwa liwe kwenye nyuzi 40 hivi, likishuka anaacha kula, kile kiini cha yai alichobaki nacho tumboni hakitumiki vizuri, unaanza kuona kinyesi kinaganda nyuma na watu wanakimbilia dukani kununua antibaiotiki wakati dawa ilikuwa ni joto na maranda.

Haya, ubaya wake, na huu muuzaji hakuambii. Hita hii haipashi hewa. Inampasha kifaranga anayeigusa, basi. Kwa mtu wa Dar au Tanga hiyo ni faida tupu, maana hewa yenu tayari ina joto. Kwa huku kwetu mwezi wa saba ndani ya banda la mbao lenye nyufa, kifaranga akitoka chini ya sahani anakutana na nyuzi 8, anageuka anarudi, hatoki tena, na asiyetoka hali wala hanywi, unakuja kuona siku ya tatu wamenyong'onyea huku wana joto zuri kabisa. Nimeona watu wanaitukana hita kwa sababu hii na hita haina kosa, imepewa kazi ya chumba wakati yenyewe ni ya mgongo wa kuku.

Kwa hiyo huku baridi inafanya kazi kwa masharti. Eneo liwe dogo, uzungushie maboksi au vipande vya plaiwudi upepo wa chini usipite. Sakafu ya saruji isiguswe hata sentimita moja, mwaga maranda makavu ya unene wa vidole vinne na zaidi, saruji inanyonya joto kupitia miguu usiku kucha. Chakula na maji weka karibu kabisa na ukingo wa sahani siku mbili za mwanzo, halafu unasogeza taratibu. Juu funika nusu kwa turubai au gunia, nusu acha wazi. Usiku ule wa baridi kali mi naongeza taa moja upande wa pili kwa ajili ya hewa tu, alfajiri naizima. Wanaoleta jiko la mkaa kupasha chumba, sawa, ila fungua sehemu ya juu moshi na ile hewa ya sumu isiyoonekana vitoke, maana mkaa kwenye chumba kilichozibwa unaua vifaranga na unakuua na wewe uliyeenda kuwaangalia.

Umeme sasa, hapa ndo inapowalaza wengine. Taa ya wati 250 ikiwaka masaa 24 ni uniti 6 kwa siku. Hita yangu ni ya sentimita 40 kwa 40, imeandikwa wati 60, hiyo ni uniti moja na nusu hivi. Fanya hesabu ya wiki tatu uone Luku inavyopumua. Bei ya kununulia iko juu, unapata taa kadhaa nzuri na holda zake kwa hela hiyo, lakini taa zinaungua, zinadondoka kwenye maranda, na mabanda yameungua sana kwa njia hiyo. Hita imelala chini, haina cha kudondoka. Na kuna taa nyingine zimepakwa tefloni zisipasuke, zikipata moto zinatoa mvuke unaoua ndege, kwenye boksi lake wanaandika kwa maandishi madogo, mkinunua taa someni.

Umeme ukikatika, hii yangu inatumia volti 12 kupitia adapta, kwa hiyo unaweza kuichomeka kwenye betri ya sola. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, betri nzima ya ampea-saa 100 ukitumia nusu yake usiiue inakupeleka masaa 10, usiku umepita. Kuna nyingine zinataka 220 moja kwa moja, hizo bila inverta ni kipande cha plastiki. Uliza kabla hujalipa.

Idadi wanayoandika kwenye boksi msiiamini. Yangu imeandikwa vifaranga 50. Siku ya kwanza kweli wanaingia 50, wiki ya pili wamekua mara mbili na wa pembeni wamebaki nje wanalia. Mi naihesabu ni ya 35, wa kisasa wanaokua haraka hata 30. Ukiwa na vifaranga 300 achana nayo kabisa, utanunua hita 10 za nini, wewe tafuta bruda ya gesi.

Miguu ya hita inapandishwa kwa kubonyeza, na hapa pana ujanja. Upande mmoja weka chini, mwingine juu kidogo, sahani ikae mshazari. Wadogo na wanyonge wanaenda upande wa chini wanaigusa vizuri, wakubwa wanakaa upande wa juu. Kila siku chache unapandisha, mgongo uguse sahani lakini asilazimike kuchuchumaa. Kwenye taa ungekuwa unapandisha mnyororo ili upunguze zile nyuzi 2 au 3 kila wiki kutoka 33 ya wiki ya kwanza, hapa hiyo hesabu hauifanyi, wao wenyewe wanapunguza kwa kukaa nje muda mrefu zaidi. Ukiona mchana kutwa hakuna aliyeko chini, wameshakwambia.

Kingine haina mwanga. Siku za mwanzo lazima uwawekee balbu ndogo ya LED waone chakula na maji, lakini baada ya hapo usiku unazima na wanalala gizani kama viumbe wengine, wanakuwa watulivu, kudonoana kumepungua sana ukilinganisha na kukaa kwenye mwanga mweupe masaa yote. Juu ya sahani wanapanda wanakunya, kuna zinazokuja na kifuniko cha mgongo wa kobe wasiweze kusimama, yangu haina, nafuta kwa kitambaa chenye maji nikiwa nimechomoa.

Ndugu yangu wa Mbagala anayo hii hii na yeye shida yake ni kinyume, mchana anaizima kabisa na kazi yake kubwa ni kupoza: maji ya baridi, dirisha wazi, kuku wakubwa wasijazane. Ana wa mayai pia na msimu wa joto maganda yanakuwa membamba. Kuku akihema sana anatoa kabonidayoksaidi nyingi kwenye damu, na ganda la yai linahitaji hiyo hiyo kutengenezwa. Kwake hita ni ya alfajiri tu, na kwa matumizi hayo anaisifia kuliko mimi.

Nikitoa maksi: kwa mfugaji wa vifaranga 20 mpaka 60, umeme upo, chumba kimezibwa upepo, 8 kwa 10. Banda la wazi huku nyanda za juu, 4, na hizo 4 ni za Luku. Maksi nyingine nimekata kwa sababu ya duka lenyewe, jina silitaji. Adapta imekufa ndani ya muda wa waranti, nikaambiwa nirudishe hita nzima kwa gharama zangu na nisubiri mzigo mwingine, wakati vifaranga niko nao ndani wana siku nne, wanasubirije? Fundi wa redio hapa mjini kanifungia adapta ya volti 12 ya ampea 6 na inapiga kazi mpaka sasa, haichemki. Kama kuna anayejua wapi wanauza adapta zake peke yake pamoja na ile miguu ya kubonyeza, mmoja wangu umeanza kuteleza, aniambie na bei.