Toyota Land Cruiser HJ60: Tathmini ya Gari la Familia Linalostahili Kufufuliwa

Katika magari ya zamani yanayoendelea kuozea kwenye yadi za misheni, nyuma ya ofisi za serikali na katika mashamba ya mkonge nchini Tanzania, Land Cruiser HJ60 ndilo ninalolitetea kwa moyo wote kama gari la kufufuliwa kwa matumizi ya familia. Tathmini hii inatokana na gari moja la aina hiyo tulilolikuta Tanga likiwa limesimama kwa miaka mingi, tukalikokota hadi Moshi likatengenezwe, na ambalo sasa linatupeleka shambani, sokoni na kwa ndugu walioko milimani Lushoto. Niseme mapema kwamba katika gari hili bodi ndiyo inayoamua kila kitu, na kwamba mtu anayeanza kumimina fedha kwenye injini kabla ya kujua hali ya mabati yake anapanga bajeti yake kinyume.

Toyota ilitoa mfululizo wa 60, ambao HJ60 ni mmoja wa aina zake, mwaka 1980 kuchukua nafasi ya ule wa 55, na ukaendelea kutengenezwa hadi 1990. HJ60 linatumia injini ya dizeli ya 2H, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 3,980 na nguvu ya farasi takriban 103. Ndugu yake HJ61, lililokuja mwaka 1985, lina injini ya 12H-T yenye ujazo uleule lakini yenye tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), ambayo inafikisha farasi 136, na anayelipata likiwa zima asiliachie. Yapo pia BJ60 lenye injini ya 3B ya silinda nne na FJ60 la petroli, ambalo kwa bei za mafuta za leo silipendekezi kwa familia yenye kipato cha kawaida.

Adui mkubwa wa gari hili ni kutu, na kutu hiyo ina makazi yake maalumu. Huanzia kwenye mfereji wa paa unaozunguka gari juu ya milango, ikashuka kwenye fremu ya kioo cha mbele chini ya raba, ikajificha chini ya raba za vioo vikubwa vya pembeni nyuma, kisha ikala matao ya matairi ya nyuma, vizingiti vya milango na mlango wa nyuma wa chini. Mlango huo wa nyuma ndio uliotufundisha zaidi. Kwa macho ulionekana mzima na uking'aa rangi, lakini fundi bodi alipougonga kwa kifundo cha kidole ulitoa sauti nzito kama ya ukuta wa udongo. Alipouchimbua kwa patasi, ilitoka puti, yaani lepe la kuzibia mashimo ya bodi, yenye unene wa kidole, na chini ya puti kulikuwa na gazeti lililosokotwa, kisha bati la ndani lililobaki kama wavu. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yalikuwa yamezibwa na rangi za miaka mingi, kwa hiyo kila mvua iliyonyesha ilikuwa inabaki humo. Ndiyo maana ninamsihi kila anayekwenda kuliangalia gari la namna hii achukue sumaku ndogo, aipitishe taratibu kwenye matao na milango, na pale isiponasa ajue kwamba anachokigusa ni puti.

Kwa sababu hiyohiyo, gari lililoishi Dodoma au Singida lina thamani kubwa kuliko lililoishi Tanga, Pangani au Mombasa, hata kama la pwani limetembea kilomita pungufu. Chumvi ya bahari haisubiri gari litembee.

Kazi ya bodi ilikula zaidi ya nusu ya fedha zote tulizotumia, na sijutii hata shilingi moja. Gereji ya kwanza tuliyoipelekea, ambayo sitaitaja, ilipendekeza kubandika vipande vya bati juu ya kutu na kuvichomelea kwa gesi, njia ambayo ni ya haraka na ya bei nafuu lakini inalipinda bati jembamba kwa joto na kuiacha kutu ikiendelea kula kimyakimya chini ya kiraka. Tulilihamisha gari. Fundi wa pili alikata sehemu zote zilizooza mpaka akafika kwenye chuma kisafi, akakunja vipande vipya kwa mkono kufuata umbo la asili, akavichomelea kwa mashine ya waya na hewa ya CO2 kwa vituo vifupi vifupi, akiliacha bati lipoe kabla ya kurudi palepale. Kabla ya rangi alipaka praima ya kuzuia kutu pande zote mbili, na ndani ya vizingiti akapuliza nta. Huu ndio utaratibu ninaouhesabu kuwa ukarabati, na ufundi wake haupungukiwi chochote na ule ninaouona katika picha za gereji za Australia au Uingereza.

Injini ya 2H haina makuu. Vali zake zinasukumwa kwa fimbo, kemshafti (shafti inayofungua vali) inazungushwa kwa gia, na hakuna mkanda wa taimingi wa kukatika njiani usiku. Yetu ilihitaji silinda hedi kupimwa kama ina ufa, nozeli za kupulizia dizeli na pampu yake kupelekwa kwa mafundi wa pampu, rejeta kufunguliwa na kusafishwa, na mipira yote ya maji na mafuta kubadilishwa. Katika mipira hiyo, ile midogo inayopeleka oili ya injini kwenye pampu ya vakyumu (inayosaidia breki) iliyoshikana na oltaneta (jenereta ya gari) isidharauliwe kamwe, kwa kuwa ikipasuka injini humwaga oili yake yote barabarani, na pampu hiyo ikifa pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Mafundi wengi watakushauri kuing'oa 2H na kuweka 1HZ, dizeli nyingine ya Toyota ya lita 4.2. Ni injini nzuri, lakini inahitaji vishikizo vya injini kutengenezwa upya, namba ya injini kwenye kadi ya gari kubadilishwa, na fedha ambazo kwa maoni yangu zingefaa zaidi kwenye mabati. Angalieni pia umeme, kwa sababu baadhi ya magari haya yana volti 24 na mengine 12, na fundi umeme asiyeuliza kwanza anaweza kuunguza vifaa kwa dakika moja.

Ekseli ya mbele nayo inataka uvumilivu. Tulipofungua naki (viungo vya kugeuzia magurudumu ya mbele), grisi iliyotakiwa kuwa nzito ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, kwa sababu sili ya ndani ya shafti ilikuwa imechoka na oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ilikuwa inavuja na kuchanganyika nayo. Sili, bering na felti za naki huuzwa kama seti moja, na kwa vile ekseli ya namna hii ilitumika pia kwenye Land Cruiser nyingine za zama hizo, seti hiyo inapatikana Kariakoo na Kirinyaga Road, Nairobi, bila shida kubwa. Vitu vya ndani ndivyo vinavyosumbua: plastiki za dashibodi, vitasa vya kufungulia vioo, raba za vioo vya pembeni. Wafanyabiashara wanaokwenda Sharjah kuchukua spea zilizotumika wanaweza kuagizwa, ila waagizwe kwa picha na kwa namba ya chesisi. Kwa Wakenya hali ni ngumu zaidi, kwani nchi yao kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo HJ60 walizonazo ndizo hizohizo. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kutengeneza upya vipuri vya mfululizo wa 40, Land Cruiser za zamani zaidi, na ningefurahi sana kama mfululizo wa 60 nao ungepewa heshima hiyo kikamilifu.

Barabarani, HJ60 lina utulivu ambao magari mengi mapya ya kupanda milima hayana. Springi za majani mbele na nyuma hufanya mwendo kuwa mgumu kidogo likiwa tupu, lakini ukiweka watu watano, magunia mawili ya mahindi na ndizi za bibi, linatulia kabisa. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kazi ya gia ya tatu na subira, kwa kuwa farasi 103 hazitoshi kumpita mtu mlimani. Mfumo wa magurudumu manne hutumika pale panapohitajika tu: unafunga loki za magurudumu ya mbele, unavuta gia ndogo, na tope la masika linapitika. Kwenye lami kavu mfumo huo usitumike, kwani hauna difu ya kati na unaumiza mitambo ya gari.

Kwa upande wa usalama wa watoto nasema bila kulipaka mafuta kwamba gari hili halina mifuko ya hewa wala breki za ABS (zinazozuia magurudumu kukwama), na mengi yalikuja bila mikanda kamili kiti cha nyuma. Sisi tulifunga mikanda ya nukta tatu kwa watu watatu, tukaimarisha sehemu inaposhikia kwa bamba la chuma lililochomelewa kwenye bodi mpya, tukaondoa viti vya kukunja vilivyokuwa kwenye buti vikitazamana, na tukaamua kutozidi kilomita 90 kwa saa. Atakayelifufua gari kama hili kwa ajili ya wanawe aiingize kazi hiyo ya mikanda kwenye bajeti ya bodi tangu siku ya kwanza, wakati bati likiwa bado wazi na mashine ya kuchomelea ikiwa bado ipo karibu.