TAHADHARI kwa wenye Subaru za turbo Dar: manifoldi feki na tyuni hewa

Wakuu, habari za majukumu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu nikiona aibu kulisema, lakini juzi nimemwona jamaa yuleyule aliyenitapeli anatangaza tena kwa picha zilezile, bei ameshusha kidogo. Basi aibu naiweka pembeni.

Gari yangu ni Forester SG5 ya 2004, injini EJ205, ile yenye hospawa 220 kutoka kiwandani. Manifoldi yake ya zamani, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, ilikuwa na ufa. Asubuhi ukiwasha inapiga tuf-tuf-tuf mpaka ipate moto ndipo inanyamaza. Wenye Subaru mnaujua mlio huo: chuma kikipata joto kinatanuka, ufa unajibana, nawe unajidanganya kwamba imepona. Nikaona badala ya kuokota ya mtumba Gerezani, bora niweke ya stenlesi na nityuni injini palepale, yaani programu yake irekebishwe iongeze nguvu. (Haya, na ule mngurumo niliutaka pia. Sitawadanganya.)

Jamaa nilimpata mtandaoni. Lugha tamu, kila sentensi "bosi wangu". Manifoldi "orijino ya Japani" 1,450,000, kufunga na kutyuni 650,000. Nusu nilituma kwa M-Pesa, jina lililotokea si lake, akasema ni la mhasibu. Mtu anayefanyia kazi uani kwa watu ana mhasibu! Nilipoomba risiti ya EFD akaniambia mashine mbovu, akaniandikia kwa kalamu kwenye kile kitabu cha risiti cha dukani. Yote haya niliyaona kwa macho yangu mawili na bado nikalipa.

Mzigo ulikuja kwenye boksi zuri, stika inang'aa, namba ya siri ya kukwangua, kila kitu. Akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye bomba, haikunasa. "Umeona bosi? 304 hiyo." Nikaamini, maana 304 ni stenlesi nzuri. Sasa nisikilizeni hapa. Sumaku kutonasa kunakuambia tu kwamba si aina ya stenlesi inayovutwa na sumaku, kama 409. Lakini kuna 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nayo sumaku hainasi na bei yake ni ya chini. Kwa sufuria inafaa. Kwa bomba linalopitisha moshi unaoweza kuvuka nyuzi 800 kabla haujafika kwenye turbo, utajuta. Mngeniuliza leo ningesema achana na sumaku, chungulia ndani ya bomba pale lilipochomelewa. Fundi aliyechomelea vizuri anajaza gesi ya agoni ndani pia, na weldi ya ndani inakuwa laini. Yangu ndani ilikuwa na mabongemabonge meusi kama sukari guru iliyoungua, na ufa unaanzia hapohapo. Halafu tazama unene wa flenji, lile bamba la bolti linalokaa kwenye hedi ya injini. Ikiwa nyembamba itapinda kwa joto, gasketi itaachia, na unarudi kulekule kwenye tuf-tuf-tuf.

Hilo la chuma ningelimeza. Lililoniumiza ni tyuni.

Alikuja na laptopu na waya wa OBD, akakaa kwenye kiti cha dereva dakika ishirini hivi, skrini ina grafu za rangi zinacheza. Hakutoka na gari barabarani hata mita moja. Hakufunga sensa ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Na zile soketi mbili za kijani chini ya dashibodi, ambazo kwa SG5 kama yangu lazima uziunganishe kwanza ndipo kontrol boksi (kompyuta ya injini) ikubali kuandikwa upya, hakuzigusa. Nilijua baadaye. Akamaliza, akanipa karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari: hospawa 291. Gari haikuwahi kupanda daino yoyote! Akasema ni "makadirio ya programu".

Karatasi yenyewe ni kituko. Hospawa ni torki (nguvu ya kuzungusha) ya futi-pauni zidisha mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 5,252. Kwa hiyo kwenye grafu ya skeli moja mistari miwili, wa hospawa na wa torki, lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252, haina mjadala, ni hesabu. Ya kwangu ilikutana 4,300, na mstari uliendelea mpaka 7,900, mizunguko ambayo injini yangu haijawahi kuiota.

Mtaniuliza, sasa hukuhisi kitu ulipoendesha? Nilihisi, na ndicho kilichonimaliza. Gari ilikuwa na nguvu kweli. Ukikanyaga, inakuvuta mpaka unacheka peke yako. Nikampigia kumshukuru, nikamalizia na hela yake. Siku kumi na moja nilizunguka mjini nikiwapakia marafiki waone.

Ya kumi na mbili nikaenda Iringa. Kwenye mlima wa Kitonga, nyuma yangu lori, mbele yangu lori, nikapata nafasi nikakanyaga. Gari ikakatika kama mtu amezima swichi, ikarudi, ikakatika tena. Nikampigia jamaa, akasema plagi hizo, twende tu. Nikaenda. Kabla ya Ilula moshi wa bluu ulikuwa unanifuata.

Nilirudi Dar polepole kama nimebeba mayai. Fundi mwingine, mzee wa Subaru asiye na maneno mengi, akasoma programu yote iliyomo kwenye kontrol boksi na kuilinganisha na ya kiwandani. Hakuna hata tarakimu moja iliyobadilika. Kisha akaingiza mkono chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), upande wa turbo, akatoa kivalvu cha shaba chenye skrubu, kidogo kama kidole cha mtoto, kimeunganishwa kwenye mpira unaokwenda kwa wastegeti, kile kilango kinachozuia presha ya turbo isizidi.

Hiyo ndiyo tyuni ya 650,000. Kivalvu kinavujisha presha ili wastegeti ichelewe kufunguka, basi busti, yaani presha ya turbo, inapanda. Kiwandani hii gari inakaa chini ya bar 1, yangu ilikuwa inagonga 1.3. Kule kukatika Kitonga ilikuwa kontrol boksi inakata petroli kuiokoa injini, nami nikaendelea kukanyaga. Muda wa cheche haukuguswa, petroli haikuguswa, na gari yenyewe Wajapani waliipangia petroli yao ya oktani ya juu, 98 mpaka 100, ambayo ya kwenye vituo vyetu vya kawaida haifiki. Mchanganyiko ukalipuka kabla ya wakati wake. Kompresheni: silinda tatu ziko vizuri, ya nne imeshuka hadi psi 95. Pistoni imevunjika pale ringi inapokaa.

Polisi nimeshafungua RB. Tume ya Ushindani nao nitawapelekea boksi na stika yake, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Yeye ameniblock.

Anayetaka kutyuni, kwa fundi yeyote, mwambie kabla hujalipa: nisomee programu kabla na baada, unipe mafaili yote mawili kwenye flashi, pamoja na rekodi ya kuendesha barabarani. Fundi wa kweli anakupa bila kununa. Wangu huyu angetokomea siku hiyohiyo.

Kwenye ukurasa wake nimeona Impreza mbili na Legacy moja alizofanya mwezi huu. Kama mojawapo ni yako, usiwashe gari. Fungua boneti, ingiza mkono chini ya intakula ufuate ule mpira wa wastegeti.