Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata: kutoka mitumba ya Mtwara hadi theluji ya Kilimanjaro

Mfuko ninaouzungumzia ni mtumba, umejazwa manyoya laini ya bata, una kilo 1.3, na niliununua hapa Mtwara kwa shilingi 70,000. Nimeulalia Kilimanjaro mwezi wa Aprili, theluji ikiwa imeshuka hadi jirani na kibanda cha Kibo. Kwa bei hiyo sijaona kinachoushinda kwa joto. Lakini unyevu wa pwani unaweza kuumaliza hata kabla hujapanda basi la Dar.

Anza na lebo. Mifuko mingi ya Ulaya ina kitambaa kidogo kwa ndani chenye namba tatu za nyuzi joto, kwa kipimo cha mifuko ya kulalia cha EN 13537 au ISO 23537 kilichofuata. Wangu unasema -5, -11 na -29. Muuzaji atakutajia hiyo ya mwisho, nawe usiisikilize: ni kiwango cha kunusurika tu, mwili ukiwa tayari hatarini. Ya kati ni ya mwanamume aliyelala amejikunja. Ya kwanza ndiyo ya kulala kwa raha, na ndiyo ya kupangia safari.

Sasa piga hesabu. Joto hupungua takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa Mtwara ukiwa nyuzi 23, kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, unategemea kama 7 au 8 chini ya sifuri, na mbingu ikiwa haina mawingu baridi huzidi hapo. Kwa hiyo mfuko wa -5 unapungukiwa kidogo. Pengo hilo nalifunika kwa nguo kavu za ndani, soksi za sufu, kofia, na chupa ngumu ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuwekwa miguuni. Maji hayo asubuhi hayajaganda, unayanywa.

Sokoni, ukunjue wote na uukung'ute. Uinue mbele ya mwanga: ukiona vyumba vilivyoshonwa kushika manyoya vimebaki kitambaa kitupu, manyoya yamehama au yamevuja. Papasa kwa vidole. Vibonge vidogo hufumuka ukiufua na kuukausha vizuri. Vibonge vyenye harufu ya kuoza uache hapohapo. Ukiulaza bapa saa moja au mbili, wa kiwango hiki uinuke sentimita 13 hadi 15. Jaribu zipu yote, juu hadi chini. Ya kwangu inauma kitambaa cha ndani karibu na magoti. Kwenye giza na glavu mkononi ni kero kweli. Ingia ndani pia, mabega yasibanwe, kwa sababu manyoya yaliyokandamizwa hayashiki hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokupa joto.

Kuufua ndiko wengi wanakouharibia. Subiri miezi mikavu, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma. Beseni kubwa, maji ya vuguvugu, sabuni laini ya maji kidogo tu. Sabuni ya unga kali na dawa ya madoa huondoa mafuta ya asili ya manyoya, yakabaki makavu na kuvunjika. Suuza mpaka povu liishe. Usiukamue kwa kuusokota, na usiunyanyue kwa ncha moja: manyoya yaliyolowa ni mazito na huchana kuta za ndani. Ubebe kwa mikono miwili kutoka chini, uutandaze kivulini penye upepo, uugeuze na kufumua vibonge kwa vidole mara kwa mara. Siku tatu ni kawaida. Ukiuhifadhi ukiwa na ubichi kidogo tu, ukungu unaingia.

Nyumbani usikae kwenye kifuko chake cha kusafiria. Mimi nimeushonea mfuko mpana wa kanga, unaning'inia mbali na ukuta.

Huku kusini mvua huanza kupungua Aprili, na mtu anadhani mlimani ni hivyohivyo. Kule ndiyo masika yenyewe: mvua msituni, theluji juu. Utie kwenye mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo kabla hujamkabidhi mpagazi. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kwa msimu huu ningechagua njia ya Marangu, kwa kuwa Mandara, Horombo na Kibo kote kuna vibanda vyenye magodoro. Njia za mahema zinadai mkeka mzito wa sponji chini, maana uzito wako unalaza manyoya ya mgongoni na ardhi inakunyonya joto. Hemani pia matone ya unyevu kwenye ukuta wa hema hulowesha sehemu ya miguu ya mfuko. Ifunike kwa koti la mvua. Usipumulie ndani. Jua likichomoza hata nusu saa, ugeuze nje-ndani na uuanike. Shuka la pamba ndani sikushauri, linashika jasho na halikauki.

Kama nyumbani huna pa kuuanika wala kuuning'iniza, tafuta wa nyuzi za sintetiki. Ni mzito zaidi na hujaza begi, lakini ukilowa bado unabaki na joto kiasi, na hukauka upesi.