Going Solo ya Roald Dahl: kicheko kilichopitia Dar es Salaam

Watoto wetu wengi wanaosoma vitabu vya Kiingereza wanamfahamu Roald Dahl kwa Matilda na kwa kiwanda cha chokoleti cha Willy Wonka, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba mwandishi huyo, aliyezaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi waliotoka Norwei, aliwahi kuishi Dar es Salaam akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Going Solo, kitabu alichokitoa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 70 hivi, ndicho kinachosimulia kipindi hicho pamoja na vita vilivyofuata. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti pamoja na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, na ninakipendekeza kwa moyo wote, ingawa si kitabu cha kumwachia mtoto asome peke yake.

Sura za safari ya meli ya mwaka 1938 zilimfanya mpwa wangu acheke mpaka akaomba tupumzike. Abiria aliyelala chumba kimoja na Dahl ana kipara, naye amebeba nywele za bandia za urefu mbalimbali, ambazo huzivaa kwa zamu ili watu waamini kwamba nywele zake zinakua na kisha zimekatwa. Mabegani hujinyunyizia chumvi ya Epsom ili ionekane kuwa ni mba. Hapa ndipo unapomwona Dahl wa vitabu vya watoto: mtu mzima anayeficha siri ya kipuuzi kwa juhudi kubwa, na kijana anayemchungulia bila huruma nyingi lakini kwa upendo wa ajabu.

Tukifika Tanganyika, kicheko kinachanganyika na hofu, na kwa maoni yangu mchanganyiko huo ndio siri ya kazi yake yote. Simba anamnyakua mke wa mpishi na kuondoka naye mdomoni, mumewe akimkimbilia nyuma, na mwanamke yule anatoka salama kwa sababu alijifanya amekufa. Dahl anaeleza kwamba gazeti la East African Standard la Nairobi lilimwomba aandike habari hiyo na kumlipa pauni 5, na kwamba hayo ndiyo yalikuwa maandishi yake ya kwanza kuchapishwa. Waandishi wa wasifu wake wameonyesha kwamba alikuwa na tabia ya kukoleza chumvi, kwa hiyo mzazi na asome akijua hilo. Hata hivyo, ninaona fahari kufikiri kwamba msimulizi aliyekuja kuwachekesha watoto wa dunia nzima anasema kalamu yake ilianzia katika gazeti la Nairobi.

Nairobi hiyohiyo ndiko alikojifunza urubani baada ya vita kuanza mwaka 1939. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kiasi kwamba kichwa chake kilipita juu ya kioo cha ndege ndogo ya Tiger Moth na upepo ukamzuia kupumua, hadi alipojifunga kitambaa puani na mdomoni. Sentensi chache tu baada ya kichekesho hicho anatuarifu kwamba kati ya vijana 16 waliofunzwa pamoja, 13 waliuawa katika vita.

Kasoro yake kubwa iko katika jicho linalotutazama. Kiswahili anachokinukuu ni kile cha walowezi, ambacho upatanisho wake wa kisarufi umelegea, na Waafrika wengi humo ni watumishi waaminifu zaidi ya kuwa watu wenye mambo yao. Mdisho, kijana wa Kinyamwezi aliyemhudumia nyumbani, ndiye pekee anayepewa sura inayomfaa, nayo ni nzito: vita vinapotangazwa anachukua upanga uliotundikwa ukutani na kwenda kumuua Mjerumani mwenye shamba la mkonge, kisha anarudi akitarajia kusifiwa. Hapo lazima mzazi asimame na kuzungumza na mtoto. Lazima pia aambiwe kwamba wafanyakazi wadogo wa Wonka, katika toleo la kwanza la mwaka 1964, walikuwa Mbilikimo kutoka Afrika, na kwamba Dahl aliwabadilisha katika toleo la mwaka 1973 baada ya kulaumiwa. Simfichi mtoto mambo haya. Anaweza kumpenda msimulizi na bado akamhoji.

Kilichonigusa zaidi ni barua kwa mama yake, ambazo zimewekwa kati ya masimulizi pamoja na picha alizopiga mwenyewe. Baba alifariki Roald akiwa na miaka mitatu, na mama huyo alizitunza barua za mwanawe kwa miaka mingi. Kitabu kinafungwa mwaka 1941, kijana akirudishwa nyumbani kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaliyotokana na ndege yake kuanguka jangwani, akishuka katika basi na kumkuta mama amesimama akimsubiri.

Mpwa wangu alisikiliza ukurasa huo kimya, kisha akauliza Mdisho naye alirudi kwao lini. Nilifungua tena sura yake, tukaisoma upya hadi mwisho, na jibu hatukulipata.