Mwizi wa Simu Yangu Ana Ruhusa ya Kusoma, Mimi Sina

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo anayetaka maoni ya mtu mtulivu aruke. Apu yenyewe ya vitabu siitaji jina. Walio nayo wataitambua kwa kufuli yake.

Nasomea uhasibu, CPA, jioni. Mchana niko kazini Industrial Area hapa Nairobi, jioni niko darasani mjini, usiku niko kwenye matatu ya Umoja nimebanwa dirishani. Kitabu cha uhasibu ni kama tofali, hakikai kwenye mkoba mmoja na kopo la chakula. Ndiyo nikanunua vinne vya kidijitali, nikalipa kwa M-Pesa, ujumbe ukaingia, vitabu vikashuka. Na sitawanyima haki yao: miezi kadhaa nilifurahi sana. Jogoo Road ikifunga, mimi nina sura nzima ya kusoma. Dereva akizima taa za ndani, naendelea tu. Nikitafuta neno, linakuja hapo hapo na kurasa zake. Niliisifu apu hiyo darasani mpaka wenzangu wawili wakanunua. Siku hizi hao wawili wananitazama vibaya.

Kisha simu ikaenda. Karibu na Odeon, saa zile kila mtu anakimbilia gari, mkono ukaingia dirishani na kutoka, hata uso sikuuona. Nilifanya tunavyofanya sote. Nikaripoti polisi, nikapewa abstrakti, nikaenda na kitambulisho kurudisha laini. Haikupita nusu saa laini ikawa imerudi, na M-Pesa na vile visenti vyangu vyote ndani. Kumbukeni hiyo nusu saa, nitairudia.

Vitabu vilikuwa bado kwenye kishikwambi, kwa hiyo sikuhangaika. Ni kishikwambi cha zamani, nilikipata Luthuli kikiwa kimeshatumika na mtu mwingine, ufa kwenye kona, lakini maandishi yanaonekana na chaji inafika nyumbani. Mnunuzi wa vitabu anataka nini zaidi?

Mtihani ukiwa umebaki wiki mbili hivi, labda pungufu, nakifungua asubuhi napata ukurasa mweupe wenye kitufe kimoja. Sasisha ili kuendelea. Nikabonyeza. Duka la apu likaniambia toleo jipya halifanyi kazi kwenye kifaa changu. Nikarudi nyuma. Sasisha ili kuendelea. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba kidole ndicho chenye makosa. Soja wa geti la kwanza ananituma la pili, wa la pili ananirudisha la kwanza, na mimi nimesimama katikati na kiingilio nimelipa.

Usiku uliotangulia, toleo hilo hilo la zamani lilinifungulia sura ya mali zisizoshikika, zile usizoweza kugusa kama leseni, bila hata kukohoa.

Najua mtaniambia apdeti ni za usalama, zinaziba mianya ya wadukuzi. Kweli, na simu yangu naisasisha kila inapodai. Lakini vitabu vilikuwa vimeshapakuliwa, viko ndani ya kifaa, havihitaji bando wala mtandao. Mdukuzi akiingia atatoka na nini? Jedwali la uchakavu wa mitambo?

Basi nikaweka apu kwenye simu mpya, ambayo ina toleo wanalolitaka. Ikafunguka vizuri, ikanikaribisha kwa jina, ikanionyesha majalada ya vitabu vyangu vinne. Nikagusa kimoja. Umefikisha idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa: 2. Ili kuondoa kifaa, weka tarakimu sita zilizotumwa kwenye kifaa cha kwanza.

Kifaa cha kwanza ni ile simu iliyopita dirishani Odeon.

Nilicheka, nawaambia ukweli. Nilicheka peke yangu stejini hadi makanga akaniuliza kama niko sawa. Kwa hesabu za hawa watu, mwenye vitabu ni yule mwizi. Yeye ndiye anatumiwa tarakimu, yeye ndiye anaweza kunitoa mimi. Akitaka kufanya CPA, njia ni nyeupe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki, muziki, bando la maongezi likaisha. Siku ya pili nikaomba ruhusa kazini nikaenda ofisini kwao wenyewe, Westlands, orofa ya juu, zulia safi. Kijana wa mapokezi alinisikiliza huku akichapa kitu kingine. Nikampa abstrakti. Akaisoma juu juu.

“Hii inaonyesha simu ilipotea, madam. Haionyeshi kwamba imeondolewa kwa akaunti.”

“Ndiyo nimekuja uiondoe, kijana wangu.”

“Sistimu haikubali bila tarakimu.”

“Tarakimu ziko kwa mwizi.”

“Basi jaribu kuwasiliana naye.”

Sijui alikuwa anatania. Uso wake haukuonyesha. Nikamwambia laini yangu nilirudishiwa kwa nusu saa, na kwenye hiyo laini kuna pesa, kitu ambacho mtu anaweza kuibiwa mara ya pili. Inakuwaje pesa zirudi kwa kitambulisho, vitabu vikatae? Hapo akaacha kuchapa, akanitazama kama mwalimu anayetazama mtoto aliyechelewa kuelewa, akasema maneno nitakayokufa nayo:

“Madam, wewe hukununua vitabu. Ulinunua ruhusa ya kusoma.”

Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili kwenye foleni. Mmoja akakohoa. Nilitoka bila kuaga, na kuaga kwa kawaida ni kitu sisahau.

Sasa, ile sura ya mali zisizoshikika. Kiwango chenyewe cha kimataifa cha uhasibu ni IAS 38, na nilikuwa nimekipiga rangi ya njano karibu chote. Mali ni rasilimali unayoidhibiti kutokana na jambo lililokwisha kutokea, na unayotarajia ikuletee manufaa mbele. Kudhibiti maana yake unaweza kuyapata hayo manufaa na unaweza kuwazuia wengine wasiyafikie. Nilipitia maneno hayo akilini kwenye matatu ya kurudi, bila kitabu, maana kitabu kimefungwa. Malipo yalitokea, ujumbe wa M-Pesa ninao. Manufaa nilitarajia. Lakini kudhibiti? Anayeweza kumzuia mtu ni wao. Mimi nimemzuia nani? Hata mwizi sikumzuia. Kwa hiyo kwa kipimo cha kitabu chenyewe, siku ile niliyobonyeza “Nunua Sasa” sikupata mali yoyote. Nilipata gharama. Yule kijana alikuwa sahihi, na hilo ndilo linanichemsha.

Ila kitufe kiliandikwa Nunua. Hakikuandikwa Omba Ruhusa. Kule California tangu Januari 1, 2025 kuna sheria inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno kama “nunua” bila kukueleza waziwazi kwamba unachopata ni leseni tu. Hapa kwetu Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Habari yangu nilipewa mapokezi, baada ya pesa kwenda, mbele ya watu.

Si jambo geni pia. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya za George Orwell ndani ya vifaa vya kusomea vya Kindle vya wateja walioshalipa, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Watu walirudishiwa pesa, na Jeff Bezos mwenyewe, bosi wa Amazon wakati huo, akaomba radhi akakiri kwamba ulikuwa upumbavu. Kuna mwanafunzi wa sekondari huko Michigan aliyeenda mahakamani kwa sababu maelezo aliyoandika kwa kazi ya shule yalibaki yakining'inia bila kitabu. Nilipoisoma habari yake zamani nilimwona mlalamishi. Kijana, nisamehe. Na angalau yeye aliombwa radhi.

Nilijaribu saiba. Jamaa akaunganisha kishikwambi kwenye kompyuta, akalikuta faili lenyewe, jina lake herufi na namba zisizo na maana. Akalifungua kwa programu tatu tofauti, zote zikakataa. “Hii imepigwa kufuli,” akasema, kisha kwa sauti ya chini, “lakini kwa mia moja nakutafutia ya bure, unaprinti yote.” Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haitaki tuvunje kufuli za namna hii, na mimi ni mtu wa kesho kuapa maadili ya uhasibu. Nilichomjibu jamaa wa saiba kitabaki kati yangu na yeye.

Walioniokoa ni wale wenzangu wawili niliowaingiza kwenye hii shimo. Mmoja vitabu vyake vilikuwa vinafunguka. Tukajaribu kunakili maneno, apu ikakataa. Tukajaribu kupiga picha ya skrini, ikatoka nyeusi tititi. Mwishowe tukaweka simu yake juu ya meza na simu yangu juu yake, tukapiga picha ukurasa baada ya ukurasa kama watu wanaopiga picha ajali. Yeye anafungua, mimi nabonyeza, mwenzetu wa tatu anazuia mwanga wa taa usiakisi. Kurasa sitini na kitu. Kwenye nyingi kuna kidole gumba. Soja wa jengo akaja kuzima taa, akatukuta, akauliza tunafanya nini. Nikamwambia tunasoma.

Niseme pia, kwa sababu hasira imepungua kidogo hapa: waandishi wa vitabu nao wanakula wapi? Najua kitabu kikitoka bila kufuli leo, kesho kiko kwenye kila simu River Road na aliyekiandika hajaona shilingi. Kufuli naielewa. Pengine nyota tatu zingekuwa haki, maana apu ikifanya kazi inafanya kazi kweli. Lakini kufuli hii ilimfungia aliyelipa, na jamaa wa saiba alikuwa na njia ya mia moja. Hapana. Nyota moja.

Mtihani nikafanya na picha zangu za vidole gumba. Swali la mali zisizoshikika lilikuja, na nililijibu kwa uchungu mkubwa.

Siku chache baadaye barua pepe ikaingia. Ndugu mteja, ombi lako limeshughulikiwa, kifaa kimoja kimeondolewa, asante kwa uvumilivu wako, tafadhali tupe nyota. Nikakimbilia simu mpya. Vitabu vikafunguka vyote vinne, rangi ya njano ipo kila mahali nilipoipaka, hata pale nilipoandika “rudia hapa, hujaelewa.” Karibu nilie. Nikasema basi, watu wamejirekebisha, nitawapa nne.

Kisha nikafungua orodha ya vifaa. Walichoondoa ni kishikwambi. Simu ya Odeon iko pale pale juu, kifaa cha kwanza, na simu yangu mpya ndiyo ya pili.

Nimeweka nyota mbili. Moja yangu, moja ya yule ndugu.