Kupanda Rwenzori kwa Ajili ya Picha: Wapagazi Hodari, Ratiba Isiyomfaa Mpiga Picha

Wakala mmoja wa safari mjini Kampala anauza safari ya kupanda milima ya Rwenzori ambayo, kwa maelezo yake, imeandaliwa mahususi kwa wapiga picha wa mandhari. Nimeitumia huduma hiyo. Wanaomfikisha mteja juu wanastahili kila sifa, lakini ratiba waliyopewa ni ileile ya wapandaji wa kawaida iliyobandikwa jina jipya.

Njia yenyewe inaanzia Nyakalengija, karibu na Kasese, na kupitia kambi za Nyabitaba, John Matte na Bujuku hadi Elena, iliyo kwenye mwinuko wa mita 4,541. Kutoka hapo mpandaji huelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, katika mlima Stanley, ambao ni wa tatu kwa urefu barani Afrika.

Tatizo la ratiba ni mwanga. Rwenzori mara nyingi huonekana vizuri alfajiri na saa chache za asubuhi, kisha mawingu hupanda kutoka mabondeni na kufunika kila kitu. Ratiba ya wakala humfanya mteja anywe chai wakati mwanga ni mzuri, atembee unapoharibika, na afike katika ziwa Bujuku alasiri, wakati ukungu umekwisha kulala juu ya maji. Siku ya kilele huwa mbaya zaidi kwa mpiga picha: msafara huondoka Elena usiku wa manane, na jua linapochomoza saa moja kasoro hivi, wewe umefungwa kamba pamoja na wenzako juu ya barafu, huku kiunzi cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera kikiwa kimebaki kambini. Viongozi hawaruhusu kusimama ovyo mahali pale, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo, kwa sababu usalama wa kundi zima hauwezi kuwekwa rehani kwa picha ya mtu mmoja. Aliyepaswa kuliona jambo hili mapema ni aliyepanga safari. Usiku mmoja wa ziada pale Elena, bila kupanda popote kesho yake, ungempa mpiga picha asubuhi nzima ya kutazama jua likitokea nyuma ya mlima Baker.

Wapagazi na viongozi, ambao wengi wao ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya mlima, wanaijua kazi hii kuliko wakala anayeiuza. Katika matope ya kinamasi cha Bigo, ambako bila gambuti huendi mbali, mpagazi wangu alibeba begi la lenzi likiwa juu kabisa ya mzigo, limefungwa kwa nailoni mara mbili, na halikuingia hata tone. Kiongozi naye alikuwa na jicho la ajabu: alijua ni upande gani wa bonde ukungu hufunguka kwanza, na mara kadhaa alinishauri ningoje kidogo kando ya lobelia na senesio, mimea inayozidi kimo cha mtu, mpaka barafu ya Stanley ikajitokeza nyuma yake.

Niliahidiwa umeme wa jua wa kuchajia betri katika kambi za juu; haukuwepo. Baridi humaliza betri upesi, kwa hiyo beba za akiba na ulale nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Kamera iliyotoka nje iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole, la sivyo lenzi hujaa umande.

Jambo jingine ni matangazo. Picha za wakala zinaonyesha weupe uliotanda kila upande, ilhali barafu ya Rwenzori imepungua mno tangu Vittorio Sella, mpiga picha wa Kiitaliano, alipoipiga picha mwaka 1906 katika msafara wa mwana wa kifalme wa Italia aliyeitwa Mtawala wa Abruzzi. Theluji mpya huanguka usiku na huweza kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Ukiipata, ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, maana kamera huusoma weupe mwingi kama kosa na kuugeuza kijivu. Kwa maoni yangu, miamba myeusi yenye vipande vya barafu ina uzuri wake, na wakala angefanya vyema kuitangaza ilivyo.

Kwa hiyo ninaipendekeza huduma hii kwa masharti. Nenda katika miezi yenye mvua chache, yaani Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti, ingawa hata wakati huo koti la mvua halikai begini. Nilipomweleza wakala malalamiko yangu, alikiri kwamba usiku wa ziada unawezekana kwa malipo ya nyongeza. Basi taja kambi unayoitaka, Elena au Kitandara iliyo kando ya maziwa, na uhakikishe imeandikwa katika makubaliano kabla hujatoa malipo ya awali.