Programu ya simu ya kutambua uyoga: nyota mbili kati ya tano

Hii ni wiki ya sita naitumia, na sisemi ni mbovu. Inafunguka upesi, haikuchoshi na matangazo, na picha zake zimepigwa na mtu asiyeona tabu kulala kifudifudi kwenye tope. Uyoga wa kwenye magogo inaupatia karibu kila mara. Imenikwamia kwenye uyoga mmoja tu wa majanini, na ndio huohuo unaoota kwa wingi kila mvua ikikatika.

Niliukuta umeota duara kwenye nyasi fupi, kofia 11, mbili bado hazijafunguka, zimekaa kama virungu. Nikaupiga picha kwa juu. Programu ikajibu: Macrolepiota procera, uhakika asilimia 94, na pembeni kialama cha uma na kisu. Maana yake kula tu, bwana.

Nikaung'oa mmoja na kuugeuza, kitu ambacho programu haikuniomba. Shina lilikuwa jeupe, laini, chini limevimba kidogo bila kifuko. Procera halisi shina lake lina mabaka ya kahawia kama ngozi ya nyoka, na mabaka hayo yanaonekana wazi kwenye picha ya programu yenyewe! Pete ilikuwa nene, ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka. Kofia nyeupe, magamba ya kahawia yamesongamana katikati na kupungua kuelekea ukingoni. Hii ikikomaa hufika hata sentimita 30, sahani kabisa.

Utata uko chini ya kofia. Zile kurasa nyembamba zilizopangana hazigusi shina, na kwenye uyoga mchanga ni nyeupe safi. Kwa hiyo anayechuma mapema, ukiwa bado mlaini na unavutia, haoni dalili yoyote. Ukizeeka ndipo zinaingia kijani chenye kijivu.

Basi nikaitafuta kwa mkono rangi ya vumbi la mbegu zake, linalodondoka kutoka kwenye kurasa hizo. Nilikata shina la ule uliofunguka zaidi, nikailaza kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, nikaifunika bakuli nikaenda kulala. (Usisahau bakuli. Mara ya kwanza niliiacha kofia wazi, upepo wa dirishani ukaharibu kila kitu.) Asubuhi nikainua: mistari ya vumbi la kijani kilichofifia, imetoka katikati kama njiti za gurudumu. Procera huacha vumbi jeupe. Uyoga wa kwenye vichuguu huacha lenye uwaridi, tena kofia yake ina ncha katikati na shina lake linazama ardhini hadi kwenye kiota cha mchwa. Kijani ni Chlorophyllum molybdites, na hapo ubishi umekwisha.

Huo hauliwi. Humtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu, na Amerika Kaskazini ndio uyoga wa sumu unaoliwa kimakosa mara nyingi kuliko mwingine wowote. Si mgeni pia; uliandikwa kitaalamu tangu 1818. Programu inao kwenye orodha yake, una ukurasa mzima na fuvu jekundu. Ila kuufikia kutokea kwenye picha ya kofia iliyopigwa kwa juu, nimejaribu mara nne nikafika mara moja.

Niliwaandikia. Wakanishukuru kwa maoni, na toleo lililofuata likaja na mstari wa maandishi madogo chini kabisa: muone mtaalamu. Uma na kisu havijaondoka.

Nyota moja ni ya picha, nyingine ya magogo. Ya tatu nitaiongeza siku itakaponiomba niugeuze uyoga kabla ya kunipa jina, kisha iniulize rangi ya vumbi.